Filamu ya Thelathini na Tano

Sanduku la bati lilifunguliwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa nane, mwaka 1958, katika stoo iliyo nyuma ya boma la Dodoma, na Loisi akaanza kwa kuhesabu. Hakuanza kwa kutazama. Mama Vipimo alimfundisha hivyo: kwanza idadi, kisha namba, picha yenyewe mwisho, maana mtu akishaitazama picha hawezi tena kuhesabu vizuri.

Bahasha zilikuwa thelathini na nne. Kila bahasha ilikuwa na filamu moja, kila filamu ilikuwa na picha kumi na mbili, na picha zilizochapwa zilikuwa zimefungwa pamoja kwa uzi. Mia nne na nane. Lakini upande wa ndani wa kifuniko palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi, na juu yake, kwa mwandiko mdogo uliosimama kama nguzo za simu, pameandikwa: Filamu 1 hadi 35.

Akahesabu mara ya pili. Thelathini na nne.

Mama Vipimo ni jina alilopewa na watu wa Chilonje, kijiji kilicho mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Mvumi. Jina lake la kwao lilikuwa Profesa Winifred Ashdene. Alifundisha uhandisi katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza, na kabla yake hapakuwa na mwanamke aliyewahi kusimama mbele ya wanaume wa chuo hicho akawaeleza jinsi ya kuyazuia maji. Alikuja Ugogo mwaka 1953 kuchunguza malambo ya udongo, kwa nini mengine hudumu na mengine huvunjika. Alikuja na darubini ya miguu mitatu, kamera iliyoning'inia kifuani, na fimbo ya vipimo ya futi kumi na nne iliyopakwa rangi nyeusi na nyekundu. Katika kila picha aliisimamisha fimbo hiyo, na chini yake kibao kilichoandikwa kwa chaki mahali, tarehe na namba. Picha isiyo na fimbo, alisema, ni picha ya harusi.

Aliyeishika fimbo kwa miaka miwili unusu alikuwa Yotham, mume wa Loisi. Aliyeandika maelezo chini ya kila picha alikuwa Loisi mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwalimu, mwandiko wake ulisomeka, na aliwajua watu kwa majina. Alipewa kanuni moja tu. "Andika kinachoonekana," Mama Vipimo alimwambia. "Jina la mtu, ndiyo. Mahali, ndiyo. Sababu, hapana. Sababu haionekani kwenye picha."

Sasa Mama Vipimo alikuwa amefariki, mwezi wa tatu, huko kwao. Chuo chake kiliandika barua kuomba picha zote za Ugogo ziwekwe katika hifadhi yake, na barua ilisema maelezo yakamilishwe na yule yule aliyeyaanza, si mwingine. Boma likamwita Loisi kutoka shuleni kwake Chamwino. Alikubali kabla barua haijasomwa mpaka mwisho. Karani aliyemsomea alidhani ni kwa kumpenda marehemu.

Haikuwa hivyo. Yotham alikuwa katika mwaka wa tatu wa kifungo cha miaka minne, katika gereza lililo mwendo wa nusu saa kutoka stoo ile, na yeye ndiye aliyemwambia mkewe kitu cha kutafuta.

"Mama Vipimo alinipiga picha nikiwa juu ya mawe," Yotham alimwambia, siku ya kuonana, wavu ukiwa katikati yao. "Nilisikia kidude chake kikilia. Ipo, Mama Ruthu. Yeye hakuwahi kupima kitu asikipige."

"Una hakika ilikuwa baada ya mawe kupangwa?"

"Nilisimama juu yake! Unadhani nilisimama juu ya uji?"

Askari magereza aliyekuwa karibu alicheka. Loisi hakucheka, ila aliandika tarehe aliyoambiwa: Desemba 21, 1955.

Mambo yalikuwa hivi. Lambo la Chilonje lilikuwa na ukuta wa udongo, na pembeni mwa ukuta palichimbwa utoro, yaani mfereji mpana wa kutolea maji yanapozidi, ili yasipande juu ya ukuta na kuubomoa. Miaka miwili mvua haikunyesha ya kutosha. Mwezi wa Desemba 1955 ikaja mvua moja kubwa, lambo likajaa, na watu ambao ng'ombe wao walikuwa wamebaki ngozi na mifupa wakasimama ukingoni wakiyaona maji yakitoka kwa utoro na kwenda zake porini. Mtu wa pwani huenda asielewe jambo hilo. Mgogo hawezi kulitazama. Matonya, kaka yake Yotham, ndiye aliyesema kwa niaba ya wote: "Mama, umetupatia maziwa, sasa unatoboa kibuyu."

Kwa maelezo ya Yotham, Mama Vipimo alisema wapange mawe utoroni, lakini yeye apime. Wanawake sita wakapanga. Yotham akasimamisha fimbo. Mama Vipimo akasoma, akatazama mbingu, akatazama daftari lake, akasema, "Inatosha. Yaondoe nitakapokuandikia." Siku mbili baadaye akapanda treni kwenda pwani, akaugua njiani, akasafirishwa kwao. Hakuandika.

Januari 14 ilinyesha tangu asubuhi. Mchana Yotham alishuka utoroni akaanza kuyang'oa mawe kwa mikono, peke yake, kisha pamoja na wengine. Saa kumi ukuta ulikatika. Walikufa watu watatu na ng'ombe arobaini na mmoja.

Mahakamani aliulizwa kwa nini hakuyaondoa mapema. Alijibu: "Nilikuwa nangoja barua." Watu walicheka. Aliposema kwamba Profesa mwenyewe aliruhusu, waliacha kucheka, maana hilo lilionekana ni utovu wa adabu. Mhandisi gani huziba utoro? Mama Vipimo aliulizwa kwa simu ya maandishi, akajibu akiwa hospitali, na jibu lake likasomwa kwa sauti: "Katika daftari langu hakuna ruhusa ya namna hiyo."

Loisi alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma. Aliposikia sentensi ile aliitambua, kama mtu atambuavyo mshono wa fundi wake. Haikuwa uongo. Daftarini hamkuwa na ruhusa. Aliyejibu aliandika kinachoonekana.

Matonya naye hakusema uongo. Alisema mawe yalipangwa kwa amri ya ndugu yake, na kweli amri ilipita mdomoni mwa Yotham, kwa sababu Kigogo cha Mama Vipimo kiliishia kwenye salamu. Matonya alisema hayo akiwa amevaa nguo za msiba. Mmoja wa wale watatu waliokufa alikuwa binti yake, Priska.

Loisi alipima hatia ya mumewe jinsi alivyofundishwa, bila kuongeza wala kupunguza. Alingoja barua wakati maji yalikuwa yanapanda mbele ya macho yake. Hilo lilikuwa kosa. Lakini kosa lilikuwa la watu wawili na kifungo kilikuwa cha mmoja, na huko Chilonje watoto walikuwa wakimwita Ruthu, binti yake wa miaka tisa, mtoto wa mwua watu. Ndiyo maana alikuwa stoo.

Siku nane alizipitia picha mia nne na nane. Upepo wa Agosti uliingiza vumbi jekundu chini ya mlango, naye alilifuta kwa kitambaa chenye maji kabla ya kufungua kila bahasha. Wanaume wakichimba msingi. Wanawake wakiukanyaga udongo kwa miguu, mstari mmoja, kama ngoma. Fimbo kando ya tembe, fimbo kando ya ng'ombe, fimbo kando ya kaburi la punda. Mwaka 1954 walikwenda Kolo kuona michoro ya kale miambani, mapumziko pekee ambayo Mama Vipimo alijipa, na hata huko alisimamisha fimbo kando ya michoro. Huko Kolo ndiko punda alikokula ukingo wa kofia yake. Picha namba 88 ilimwonyesha baada ya tukio hilo: mwanamke mrefu, uso mwembamba, kofia pana yenye pengo la nusu duara kama mkate ulioumwa. Ilikuwa picha pekee aliyomo mwenyewe. Yotham ndiye aliyeipiga, akasahau kusimamisha fimbo. Mama Vipimo hakumgombeza, na namba aliipa.

Picha ya mawe haikuwamo.

Siku ya tisa Loisi alikwenda kwa Praful Lalji, mwenye duka la picha karibu na stesheni, ambaye ndiye aliyekuwa akimsafishia Mama Vipimo filamu zake zote.

"Karibu, Mwalimu!" Praful alisema. "Picha ya pasi? Ya ukumbusho? Nina pazia jipya, limechorwa maporomoko ya maji. Watu wa Dodoma wanapenda maporomoko kuliko wake zao."

"Sikuja kupigwa picha, Bwana Praful. Natafuta filamu."

"Filamu zipo. Kubwa, ndogo?"

"Iliyokwisha kupigwa. Ya Mama Vipimo. Ya thelathini na tano."

Praful alikuwa akifuta kioo cha kaunta. Mkono wake ulisimama. "Hiyo," akasema, "si yako."

"Unayo?"

"Nimeiweka vizuri sana."

Alivuta mtoto wa meza wa chini kabisa, akatoa bahasha ya kahawia, akaiweka juu ya kioo bila kuiachia. Juu yake palikuwa na ule mwandiko wa nguzo za simu: 35. Isisafishwe mpaka nirudi mwenyewe.

"Miaka miwili na miezi minane," Praful alisema, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo. "Wateja wengine nikichelewa siku mbili wananitukania mama. Huyu aliniambia ningoje, nikangoja. Mimi nikipewa neno nalishika."

"Amefariki, Bwana Praful. Mwezi wa tatu."

Akakaa juu ya kiti chake cha kupigia wateja picha. "Sikuambiwa. Mbona hakuna aliyeniambia?" Akaitazama bahasha. "Basi nani atarudi mwenyewe?"

"Hakuna."

Gari la mzigo lilipita likielekea stesheni, vioo vikatetemeka.

"Kesi ya mume wangu ilisikilizwa hapa mjini siku nne," Loisi alisema. "Ulisikia habari zake?"

"Nani hakusikia? Siku ya pili nilifunga duka nikaenda."

"Na filamu ilikuwa humu."

"Ilikuwa humu." Alimgeukia yule mtoto wa meza kana kwamba ndiye aliyetakiwa kujibu. "Mwalimu, niliandikiwa isisafishwe."

Loisi aliitikia kwa kichwa. Aliitafuta hasira ndani yake, mahali alipozoea kuiweka, hakuikuta. Kutoka dukani hadi mahakamani ni hatua mia tatu na ishirini. Alizihesabu alipotoka.

Kabla hajatoka, Praful alimwonya. "Joto la miaka mitatu, Mwalimu. Filamu ni kama samli. Huenda ikawa nyeusi tupu. Usije ukanilaumu."

"Safisha," Loisi alisema. "Ikiwa nyeusi nitaandika kwamba ni nyeusi."

Kesho yake alasiri picha tano zilikuwa nyeusi. Nne zilionyesha kituo cha treni. Mbili zilionyesha mawingu, na fimbo imesimama chini yake kana kwamba kuna mtu angeweza kuyapima. Moja, namba 415, ilikuwa ya kijivu, imeingia ukungu pembeni, lakini ilisomeka. Praful alikuwa amechapa nakala tatu bila kuambiwa. Aliziweka mezani akaondoka, akajishughulisha na pazia lake la maporomoko.

Loisi alichukua kioo cha kukuzia na kuanza kona ya juu kushoto, kama alivyofundishwa.

Kibao: Chilonje, utoro, 21.12.55, 415. Ukuta wa mawe ukikatiza utoro kutoka upande hadi upande. Wanawake sita, watatu wameshika mawe, mmoja amejishika kiuno. Wa tatu kutoka kushoto ni msichana wa miaka kumi na mitano, jiwe kichwani juu ya ngata, mdomo wazi, anacheka au anasema kitu. Priska. Katikati, juu ya mawe, Yotham, mikono miwili kwenye fimbo, uso mbele, kidevu juu. Ukingo wa juu wa mawe uligusa fimbo kwenye futi mbili na inchi nne. Loisi aliujua urefu wa ukuta wa lambo kutoka kitako cha utoro: futi tatu. Zilibaki inchi nane tu kabla maji hayajapanda juu ya ukuta.

Halafu, chini kabisa, jua likiwa nyuma ya mpiga picha, kivuli kilichonyooka juu ya mchanga hadi karibu na miguu ya Yotham. Viwiko viwili vimetoka nje kwa kushika kamera. Kofia pana. Ukingo wa kushoto, pengo la nusu duara.

Mama Vipimo hakuwahi kukiacha kivuli chake kiingie kwenye picha. Siku ile, kwa sababu isiyoonekana, aliacha.

Loisi aliipeleka picha ile bomani. Ofisa aliyesimamia sanduku lile alikuwa kijana Mwingereza, Bwana Tindall, ambaye watu walimwita Bwana Shauri kwa kuwa alisikiliza mashauri madogo madogo ya wilaya. Kiswahili chake kilikuwa safi, ila kilivaa tai.

Aliitazama picha kwa muda mrefu. "Mwalimu, pole," akasema. "Mimi naona mumeo amesimama juu ya mawe yale yale. Hii ingeletwa mahakamani, angepata miaka sita."

"Na aliyepiga, Bwana?"

"Aliyepiga hayumo."

"Yumo kivuli chake."

"Kivuli ni cha yeyote."

Loisi aliweka namba 88 kando ya namba 415. Bwana Shauri aliona pengo la kofia, akaona pengo la kivuli, na masikio yake yakawa mekundu. Lakini alikuwa mtu makini, akatazama tena, na akaonekana amepata pa kupumulia.

"Hapana," akasema. "Angalia vizuri. Kwenye hii ya Kolo pengo liko upande wa kulia wa picha. Kwenye kivuli liko kushoto. Hizi ni kofia mbili."

"Naomba kofia yako, Bwana."

"Kofia yangu?"

"Dakika mbili tu."

Alimpa, kwa mshangao zaidi kuliko kwa hiari. Loisi alibandika kipande cha karatasi kwenye ukingo wa kushoto, akaivaa, akatoka uani palipokuwa na jua la alasiri. Makarani wawili wakachungulia dirishani. "Lo! DC mpya," alisema mmoja. "Huyu angalau anajua kusoma," mwenzake akajibu.

Loisi alisimama akimtazama Bwana Shauri uso kwa uso. "Karatasi iko upande gani kwako?"

"Kulia."

Akageuka, akalipa jua mgongo. Kivuli kilimtangulia juu ya mchanga, na karatasi ikatokeza kwenye ukingo wake. "Njoo usimame nyuma yangu, Bwana. Sasa?"

Bwana Shauri alisogea nyuma yake, akainama kukitazama kivuli.

"Kushoto," akasema.

Alirudishiwa kofia yake. Wakarudi ndani, naye akafunga dirisha ingawa kulikuwa na joto. Alisema kwamba chuo kiliomba picha zinazoonyesha kazi ya Profesa, na picha hii pengine si ya namna hiyo. Loisi akasema kupima ndiyo kazi yake, na fimbo imo. Bwana Shauri akasema namba 415 inaweza kuachwa bila kuonekana. Loisi akasema kifuniko kimeandikwa filamu thelathini na tano, kwa mkono wa marehemu. Bwana Shauri akauliza, kwa sauti ya chini kuliko mwanzo, kama alimchukia yule mama.

Loisi alifikiri, kwa sababu lilikuwa swali la haki. "Alinifundisha kazi," akasema. "Maelezo nimeyaandika kama alivyonifundisha."

Akampa karatasi. Ilisema: 415. Chilonje, Desemba 21, 1955. Utoro umezibwa kwa mawe. Urefu kwa fimbo, futi mbili na inchi nne. Kutoka kushoto: Zaitun, Loya, Priska binti Matonya, Mele, Foibe, Ndagwe. Juu ya mawe, Yotham Chidawali, mshika fimbo. Mbele, kivuli cha Profesa.

Bwana Shauri alisoma mara mbili. Akachukua kalamu, akakata maneno manne ya mwisho kwa mstari mmoja ulionyooka. "Kivuli si mtu," akasema. "Hayo mengine yabaki. Zaidi ya hapo sina uwezo, Mwalimu." Akatia herufi za jina lake pembeni.

Loisi hakubishana. Alirudi stoo, akatoa karatasi ya namba 88, ambayo mwaka 1954 aliiandika kwa maneno machache tu, Profesa akiwa Kolo, na akaongeza chini yake: Kofia ni ile aliyoivaa kazini siku zote. Ukingo wa kushoto umeliwa na punda. Kilichoonekana ni hicho, na hakuna kalamu iliyokuwa na sababu ya kukikata. Akaweka chapa za 88 na 415 katika bahasha moja, akaandika namba zote mbili juu yake. Alhamisi sanduku likapakiwa kwenye treni ya pwani.

Nakala ya pili aliiambatanisha na ombi la kutazamwa upya kwa hukumu ya Yotham, pamoja na nakala ya namba 88 ambayo Praful aliichapa. Ombi lilikuwa la ukurasa mmoja. Hakumwita marehemu mwongo. Alitaja vipimo, tarehe na upande wa pengo. Bwana Shauri alilipitisha kwenda Dar es Salaam bila kuongeza wala kupunguza neno, na kwa cheo chake hilo halikuwa jambo dogo.

Jibu halikuja Septemba wala Krismasi. Februari 1959 Yotham alitoka, si kwa ombi, bali kwa kuwa wafungwa wenye mwenendo mwema walipunguziwa theluthi ya kifungo, naye theluthi yake ilitimia. Loisi alimngoja nje ya lango tangu saa mbili. Alitoka na suruali aliyoingia nayo, ikimpwaya kiunoni.

"Mbukwa," Yotham alimsalimu, kana kwamba wamekutana sokoni.

"Mbukwa, Baba Ruthu."

"Ilipatikana?"

Alimpa nakala ya tatu. Yotham aliisogeza mbali, kisha karibu, maana macho yake yalikuwa yamebadilika. Aliitazama fimbo kwanza, kutoka chini hadi juu.

"Wima," akasema.

"Wima kabisa."

"Upepo ulikuwa mkali siku ile." Akairudisha. Wakatembea hadi stesheni ya mabasi.

Jibu kutoka Dar es Salaam lilifika mwezi wa tano. Lilisema kwamba, kwa kuwa mfungwa amekwisha kumaliza kifungo chake, suala hili halihitaji hatua zaidi. Halikusema alikuwa na hatia wala hakuwa nayo. Yotham alikuwa akisimamisha mwimo wa mlango wa nyumba yao ya Chamwino, amening'iniza jiwe kwenye uzi ili aone kama umenyooka.

"Wamesema nani aliruhusu?"

"Hawakusema."

"Basi shika hapa," akasema, na Loisi akashika.

Matonya alikuja wiki mbili baadaye. Alitembea kutoka Chilonje, akafika mchana, vumbi mpaka magotini, akakaa kwenye kigoda bila kuegemeza mgongo. Alikuwa hajasema na mdogo wake tangu mahakamani. Ruthu alimwamkia shikamoo, akaitikia, akapewa maji, akayanywa yote. Waliulizana habari za mvua, za ng'ombe, za mama yao mzazi, zote nzuri, kama desturi.

"Nimesikia kuna picha," Matonya alisema mwishowe.

Yotham aliingia ndani akaileta. Loisi alidhani shemeji yake angetazama mawe, au fimbo, au kivuli, na alikuwa amejiandaa kueleza upande wa pengo la kofia. Matonya hakutazama hata kimoja. Kidole gumba chake kilitambaa juu ya karatasi, kikapita mwanamke wa kwanza, wa pili, kikasimama.

"Huyu ni Priska."

"Ndiye," Loisi alisema.

"Sikujua kama alipigwa. Hatukuwa na picha yake." Akaisogeza kwenye mwanga. "Anacheka?"

"Mdomo uko wazi, shemeji. Huenda anasema kitu."

Matonya alikaa na picha ile kwa muda ambao sufuria ya maji ya ugali ilianza kuchemka na Ruthu akaiepua mwenyewe. Kisha akasema, macho yakiwa kwenye karatasi bado, "Kule mahakamani nilisema amri ilikuwa yako."

"Ilipita kwangu," Yotham akajibu.

"Ilipita kwako. Lakini maneno ya kibuyu yalikuwa yangu. Sikuyasema mbele ya hakimu. Hakuna aliyeniuliza. Nitayasema Chilonje, kwenye baraza, Jumapili. Uje na mtoto."

Yotham alitazama mwimo wake wa mlango. "Tutakuja."

Hapo Loisi aligundua kwamba tangu Matonya alipofika alikuwa ameshika mwiko mkononi. Aliuweka chini. Alimwambia Matonya kuwa picha ni yake, aende nayo, ila amngoje kidogo. Akaigeuza, na kwa penseli akaandika mgongoni: 415, Chilonje, Desemba 21, 1955. Wa tatu kutoka kushoto, Priska binti Matonya.

Matonya hakujua kusoma. Aliyatazama maandishi kama mtu anayetazama njia za mchwa, akaigeuza tena, akarudisha kidole chake pale pale.

"Hili jiwe alilobeba," akauliza, "lilikuwa zito?"

Loisi aliinama akalitazama kwa kioo cha kukuzia. Lilikuwa na upana wa kichwa cha msichana, au zaidi kidogo, kwa kulilinganisha na fimbo. Shingo yake ilikuwa imenyooka.

"Hilo halionekani, shemeji," akasema.